Wimbo wa Matanga Huombwa Nyumbani

Radio-kaseti ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Bunia ililetwa na mume wangu kutoka soko la Ariwara, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga, na mimi sikuipenda tangu siku ile. Kuna watakaosema nasema hivi kwa sababu najua mambo yalivyokuja kugeuka. Hapana. Majirani wa wakati ule ni mashahidi. Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia, "Umetuletea mutu wa kula mabuye." Mabuye ya radio ndiyo nasema, yaani betri, yale ya kutia nyuma, ambayo yaliisha upesi na kutafutwa kabla ya chumvi. Mume wangu akacheka. Alikuwa mfanyabiashara, wazazi wake walihamia kwetu kutoka Kivu ya Kaskazini yeye akiwa bado mdogo, na kwake kila kitu kipya kilikuwa kizuri mpaka kionyeshe ubaya wake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwangu kitu kipya kilikuwa na makosa mpaka kifanye mtihani.

Lakini hasira yangu haikuwa ya mabuye. Ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Tulikaa naye nyumba moja, na tulipatana, jambo ambalo wanawake wengi wa mtaa hawakuliamini. Alikuwa amezaa watoto wa kiume wawili. Mdogo ndiye mume wangu. Mkubwa alikwenda kuchimba dhahabu, shimo likamwangukia, wenzake wakachimbua kwa majembe na kwa mikono mpaka mvua ikajaza kila kitu maji, wakaacha. Mwili haukupatikana. Kwa hiyo mama mkwe wangu hakuwa na kaburi la kupalilia. Alichokuwa nacho ni wimbo alioutunga mwenyewe wakati wa matanga, ameketi chini uani, sauti imekauka kwa kulia.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wake, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Wimbo wa matanga una mwenyewe. Ukifiwa, na ukautaka kwa matanga yako, unakwenda nyumbani kwake. Unaketi. Anakuuliza, "Nani amekufa?" Unamtaja mtu wako: jina lake, la baba yake, alivyokuwa. Kisha yeye anamtaja wa kwake, vilevile. Mnakunywa maji kikombe kimoja, basi, wimbo umepewa. Hulipi kitu. Na mkifika kwenu, kabla ya kuimba, anasimama mtu mmoja anasema wimbo huu ulitungiwa nani, anamtaja mpaka mwisho, ndipo sauti zinaanza.

Ulikuwa wimbo mzuri, watu wakaupenda. Walikuja kutoka Marabo, walikuja kutoka Bogoro, na miguu yao ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Mama mkwe wangu alikuwa anafagia ua mapema kwa ajili yao, ijapokuwa hakujua kama watakuja. Kila waliporudi kwao jina la mwanawe liliondoka nao. Yule kijana ambaye udongo ulimmeza alitajwa sehemu ambazo hakuwahi kukanyaga. Kaburi lake lilikuwa hilo. Jina lenyewe siliandiki hapa, msinisumbue. Anayelitaka anajua pa kwenda kuketi.

Hiyo ndiyo haki ya mtunzi niliyoikuta duniani, na mpaka leo sijaonyeshwa iliyo bora. Haikuwa na muhuri wala wakili. Kila mtu aliijua, na sikusikia mtu aliyeivunja, mpaka mashine ilipokuja.

Jumapili moja baada ya ibada mume wangu aliweka ile radio-kaseti juu ya kiti, akamwomba mama yake aimbe. Mama akajitengeneza kitambaa kichwani, ungedhani anapigwa picha. Akaanza pale panapopaswa kuanzwa: akamtaja mwanawe. Hakuwa na haraka. Jina, ukoo, shimo alilofia, namna alivyokuwa anapiga mluzi akikaribia nyumbani ili mama ajue kuweka chakula motoni. Kisha ndipo akaimba. Mume wangu aliporudisha kaseti na sauti ikatoka, bibi wa watu akashika mdomo.

"Aka! Kumbe niko na sauti ya mbuzi namna hii!"

Tukacheka wote, hata mimi. Lakini yeye akaacha kucheka kabla yetu, akauliza, "Na kama mashini iko inaimba, mutu atakuja kuniomba tena?"

"Watakuja wengi zaidi, mama," mume wangu akasema. "Wimbo yako itafika mbali."

Nikamwambia wimbo utafika mbali, ndiyo, na watu hawatafika hapa. Akaniambia mwalimu mzima naogopa maendeleo. Nikamjibu kwamba maendeleo yakija na miguu yake nitayapa kiti, lakini haya yamekuja yamefungwa ndani ya blanketi. Hatukusemezana mpaka siku iliyofuata.

Soko kubwa la Bunia lilikuwa na mtu wa kunakili kaseti. Alikuwa na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, na boksi lililosimama mlangoni likipiga muziki wa Kinshasa tangu asubuhi, mpaka wauza mihogo walikuwa wanapigia kelele wateja wao. Mume wangu alimpelekea kaseti yetu atoe nakala moja tu, ya shangazi yake wa Marabo. Moja tu! Yule bwana akaisikiliza, akaupenda wimbo, akaomba abaki na kaseti yetu kidogo. Alieleza kwamba ukinakili kutoka kwa nakala, sauti inajaa makelele. Ili kazi iwe safi lazima kila mara uanze na ile ya kwanza. Mume wangu akamwachia. Wanaume wakielezwa habari ya mashine wanakuwa wapole ajabu.

Nakala zikatoka moja baada ya nyingine. Na yule bwana, kwa kuwa wateja walitaka wimbo na si maneno, na kwa kuwa kaseti zao zilikuwa fupi, aliruka mwanzo. Alikata pale jina lilipokuwa.

Sisi hatukujua. Tulichoona ni ua. Mama mkwe wangu alifagia, akaketi, akaangalia njia, na njia haikuleta mtu. Mwanzoni alisema huenda watu hawafi sana msimu huu. Mimi niliposikia vilio viwili, vitatu mtaani kwetu nikajua sababu si hiyo, lakini ningemwambia nini?

Siku moja tulikuwa wote wawili sokoni. Mwanamke mmoja wa Bogoro akamkimbilia, akamshika mikono miwili kwa furaha.

"Mama, wimbo yako! Tuliiweka kwa kilio ya baba yetu. Ililia mpaka mabuye yakaisha!"

Alikuwa anamsifu, maskini, uso wake wote unang'aa. Mama mkwe wangu akamuuliza taratibu, "Na mulimutaja mutoto yangu?"

"Mutoto gani, mama?"

Hakununua kitu siku ile. Tulirudi, mimi nyuma yake, na tulipofika nyumbani aliketi kwenye kizingiti bila hata kuvua viatu. "Leo njo amekufa," akasema: leo ndipo. Nililia, sifichi, na kilio changu kilikuwa cha hasira kuliko huzuni. Mume wangu aliposikia habari ile usiku aliiweka mashine juu ya kabati, na sikumwona tena akiigusa.

Kesho yake nilimfuata yule mnakili na chaki bado vidoleni. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu wa vita, kisha akapunguza sauti ya boksi lake.

"Mwalimu, sheria ya kunikataza iko wapi? Miye nakata ile watu hawataki, nawapa ile wanataka. Kama iko mubaya, nenda kwa Leta, waniambie."

Leta ni jina letu la serikali, na kwa midomo ya watu wa Bunia lilikuwa jina la kitu kinachokuja kuchukua. Hata hivyo nilikwenda. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba nchi ina sheria ya kulinda watunzi, na mimi ni mtu wa kumpima mtu kwa maneno yake mwenyewe. Tukaenda na mama mkwe wangu, amevaa kitambaa chake cha Pasaka, mpaka kwenye ofisi ya mambo ya utamaduni.

Mkubwa wa pale alivaa abakosi, lile koti lililokuwa sare ya wakubwa tangu tai zilipokatazwa, na alituita "sitwayeni", yaani raia, kila baada ya maneno matatu. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti. Alitueleza kwamba mtunzi analindwa sana, sana kabisa: apeleke tu Kinshasa wimbo wake ukiwa umeandikwa kwa noti za muziki, na picha zake, na vyeti vyake, na angoje jibu. Nikamuuliza bibi asiyesoma Kiswahili atasomaje noti. Akafungua mikono.

"Basi, sitwayeni, wimbo bila mutunzi aliyeandikishwa ni foloklori, wimbo ya watu wote. Na foloklori ni mali ya Leta."

"Mutunzi njo huyu, iko mbele yako," nikasema.

"Kwa macho, ndiyo. Kwa karatasi, hapana."

Nataka mwangalie vizuri maajabu haya. Ile ilikuwa serikali iliyotuamuru turudi kwa mababu. Ilitunyang'anya majina ya ubatizo, ikabadilisha nguo zetu, ikabadilisha hata namna ya kusalimiana, yote kwa ajili ya mila. Na siku mila yenyewe ilipokuja na miguu yake, ikaketi kwenye kiti mbele ya meza, serikali haikuitambua. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba Leta italinda utamaduni, namuuliza utamaduni umekosa nini.

Kumbe hakuwa amemaliza. Akatuambia, tena kwa kutupongeza, kwamba wimbo umemvutia mno, na kikundi cha animasyo kimeshaanza kuujifunza. Animasyo ilikuwa kazi ya lazima ya zamani zile: kila ofisi, kila shule, kuimba na kutingisha viuno kwa sifa za chama na mkubwa wa nchi. Wangeuimba kwenye sherehe ijayo, mbele ya komiseri wa zone, mkuu wa wilaya yetu. Maneno wamerekebisha kidogo tu. Pale mama alipoimba "mwanangu", wao wameweka jina la mkubwa wa nchi.

Niliuma mdomo. Mama mkwe wangu akashukuru kwa kiti, tukatoka. Njiani ndipo aliponiuliza, "Sherehe iko siku gani?"

Siku ya sherehe ilitubidi twende wote, maana walimu waliitwa kwa majina, na asiyeonekana alionekana zaidi. Jua lilikuwa kali. Komiseri alikaa jukwaani chini ya turubai. Alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa Lingala, hakujua Kiswahili chetu ila salamu. Yule mkubwa wa utamaduni alisimama nyuma yake, anapangusa shingo. Mama mkwe wangu nilimwacha kivulini kwa wauza maandazi, akaniambia niende tu kwa wanafunzi wangu.

Wanawake wa animasyo wakaingia na vitenge vya chama. Kiongozi wao alikuwa muuza lengalenga, yaani mchicha, wa mtaa wetu, na mimi nilimjua vizuri: mama yake mzazi alizikwa kwa wimbo huu huu, na aliuomba kwetu kwa heshima zote, kabla ya mambo ya kaseti. Lakini animasyo ni amri, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha. Ngoma zikalia, akafungua mdomo, akaanza. Jina la mkubwa wa nchi likapanda juu kwa ile sauti niliyoijua ya msiba.

Ndipo nikamwona mama mkwe wangu anatembea. Alipita katikati ya uwanja, taratibu, kama anavuka ua wa nyumba yake. Askari mmoja alitaka kumzuia, akaona ni bibi, akasita. Akafika mbele ya waimbaji, akasimama.

Yule kiongozi alipomwona, sauti ilimkatika. Wenzake wakaimba kidogo peke yao, nao wakanyamaza. Ngoma moja ikabaki, kisha nayo ikafa. Muuza lengalenga akakunja magoti, mbele ya jukwaa zima, akafanya kile alichofundishwa na wazazi wake.

"Mama, tunaomba wimbo."

Na mama mkwe wangu, kwa sauti ileile ya kila siku, akauliza kinachopaswa kuulizwa.

"Nani amekufa?"

Mungu wangu! Watu walikuwa wameutia huo wimbo kwenye mashine mpaka wakasahau ni wimbo wa nini. Sasa walikumbuka wote kwa pamoja. Ulikuwa wimbo wa kuzikia, na ndani yake lilikuwemo jina la mtu mmoja, mzima, mwenye nchi yote. Muuza lengalenga alitazama chini. Mahali fulani nyuma yangu kicheko kilimtoka mtu, akakigeuza kikohozi.

Komiseri akainama kwa yule mkubwa wa utamaduni kuuliza bibi anasema nini. Na huyo, bwana wa noti na vyeti, ilimpasa atafsiri. Nilimwona akifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Alipomaliza, komiseri alisimama wima.

"Nani alichagua wimbo huu?" aliuliza kwa Lingala, na hiyo hatukuhitaji kutafsiriwa.

Walijibu nini sijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya jua kutua tangazo lilikuwa limepita kwa megafoni: wimbo ule marufuku, zone nzima, na kaseti itakayokutwa nao itachukuliwa pamoja na mwenyewe. Mama mkwe wangu hakuguswa. Nimefikiri sana kwa nini, na naona sababu ni hii: kumshika kungetaka mtu aandike kosa lake kwenye karatasi, na hakuna mkono uliothubutu kuandika swali lile.

Siku zilizofuata kaseti zilitupwa vyooni. Yule mnakili alifunga duka, akafungua tena, akafunga. Watu husema nilipaswa kuishukuru serikali, kwa kuwa ilitupa tulichoomba. Siishukuru. Ilitulinda kwa woga wake, wala si kwa akili, na ningekuwa mjinga kuchanganya viwili hivyo.

Lakini watu waliendelea kufa, na waliobaki waliendelea kuutaka ule wimbo. Kaseti ilikamatika, mdomo haukukamatika. Ilibidi mtu aje mwenyewe.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mnakili.

Alikuja mchana wa mvua, koti la mvua mabegani, macho mekundu. Nilisimama mlangoni nikauziba wote. "Weye?" nikamwambia. "Weye uko na sanduku nzima la kaseti! Kaa na mashini zako zikuimbie!" Mama mkwe wangu akasema kutoka ndani, "Muache aingie. Mutu amefiwa."

Akaketi. Akaulizwa nani amekufa. Alikuwa baba yake, akamtaja vizuri, mpaka mwisho. Mama akatikisa kichwa, akavuta pumzi, zamu yake imefika. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka ndipo yule mtu akaanza kusema kabla yake. Alisema jina. Alisema la baba yake, na la ukoo, na la shimo. Alisema habari ya mluzi, na chakula motoni. Yote aliyasema kwa mpango wa mama mwenyewe, akipumzika pale mama alipopumzika, hata ile sehemu aliyomeza mate.

Nilibaki na mkono kwenye mlango. "Umejulia wapi hayo?" nikamuuliza.

"Kila kaseti niliitoa kwa ile ya kwanza," akasema, hakuniangalia. "Nilikuwa nangojea amalize kumutaja, njo nabonyeza mashini inakili."

Mvua ilipiga bati. Mama mkwe wangu alinyanyuka, akachota maji mtungini, akayanywa kidogo, akampa yule mtu kikombe. Kisha akaketi tena, karibu naye zaidi, magoti yao yanagusana, na akamwinamia kama anayesikia vibaya.

"Sema tena, mutoto yangu," akamwambia. "Usikate."